Umeitwa Chuo: Fanya Haya Kabla Hujafunga Sanduku

Nina saiba hapa Luanda, kaunti ya Vihiga, karibu na soko. Ukishika barabara ya kwenda Kisumu, Chuo Kikuu cha Maseno hakiko mbali. Nina kompyuta nne, printa moja na mashine ya kopi ambayo hupumzika Jumapili tu. Wanafunzi huniita Mama Saiba. Tangu matokeo ya kidato cha nne yatangazwe hadi vyuo vifunguliwe, mlango wangu haukosi foleni: huyu anachagua kozi kwa KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, yule anaomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, mwingine anachapisha barua ya kuitwa. Wengine huondoka wakicheka, wengine wakilia. Anayelia mara nyingi ana alama nzuri kabisa. Kilichomliza ni nywila ya barua pepe iliyofunguliwa na binamu aliye Nairobi, na binamu mwenyewe ameisahau.

Kwa hiyo ukinisikiliza kwa jambo moja tu, liwe hili: kila kitu kinachohusu chuo kiwe kwa jina lako na mkononi mwako.

Jina, namba na barua pepe

Fungua barua pepe yako wewe mwenyewe, yenye jina lako halisi. Utaitumia miaka minne na hata kazini, kwa hiyo lile jina la utani la bwenini liache bwenini. Nywila iandike kwenye daftari, na nakala yake umwachie mama. Laini ya simu nayo isajiliwe kwa kitambulisho chako, kwa sababu ukiomba mkopo watu hutafutwa kwa laini hiyo. Nimewahi kukaa na msichana hapa tangu saa nne asubuhi hadi jioni tukisubiri namba ya siri iliyotumwa kwa simu ya mjomba wake. Mjomba alikuwa ziwani Usenge akivua, simu imezimwa.

Kama umetimiza miaka 18 na huna kitambulisho, nenda wiki hii. Beba cheti cha kuzaliwa na kopi za vitambulisho vya wazazi, na uanzie kwa chifu au naibu wake, watu wanaokujua kwenu. Kutoka mtihani wa Novemba hadi Agosti ni miezi tisa hivi. Vijana huniambia, "Mama, tumekaa tu nyumbani." Basi kaeni mkishughulikia kitambulisho, maana kadi haitoki kwa siku moja.

Halafu weka cheti cha kuzaliwa na karatasi ya matokeo kando kwa kando, usome majina herufi kwa herufi. Kimoja kikisema Nekesa na kingine Nekessa, au majina yamepinduana, ni bora ulijue Februari kuliko siku ya kusajiliwa. Kurekebisha huchukua muda, na pengine utahitaji hati ya kiapo kutoka kwa wakili.

Karatasi nyingine ni hizi: matokeo, cheti cha kumaliza shule, barua ya kuitwa, picha ndogo za pasipoti, na fomu ya afya ambayo hujazwa na daktari, mara nyingi wa hospitali ya serikali. Aliyefiwa na mzazi abebe cheti cha kifo. Toa kopi sita sita, weka kila kitu kwenye faili moja ya plastiki, kisha piga picha za zote ujitumie kwa barua pepe. Kama shule imeshikilia cheti chako kwa sababu ya karo, nenda na mzazi mkazungumze na mwalimu mkuu kwa heshima, lakini mjue kwamba serikali imewakataza wakuu wa shule kuzuia vyeti. Msirudi nyumbani kwa jibu la kwanza.

Fomu ya mkopo ijazwe na wazazi wakiwa hapo

Tangu 2023 mwanafunzi mpya wa chuo kikuu cha umma huomba ufadhili wa serikali na mkopo kwa pamoja. Maswali ni ya nyumbani kwenu: wazazi wanapata nini, ndugu wangapi wako shuleni, karo ya sekondari ililipwaje. Majibu hayo ndiyo hupima hali yenu. Watoto wengi huja peke yao na kubahatisha. Kijana anaandika kwamba baba ni mfanyabiashara kwa kuwa ana kibanda cha nyanya, halafu familia inashangaa kupangiwa msaada mdogo.

Wazazi, nawaomba njooni. Keti kando ya mwanao useme ukweli wa mapato yako. Najua ni vigumu. Nimemwona baba wa kutoka Esirulo akitaja anachopata kwa mwezi kwenye bodaboda, na kijana wake akaacha kuchapa kwa muda, akiangalia kibodi. Hakuwa amejua. Waliondoka hapa wakitembea pamoja polepole, na nilifurahi kwamba hesabu ya chuo ilianza kwa ukweli.

Sasa sikia jinsi pesa yenyewe inavyokwenda. Sehemu ya mkopo hupelekwa chuoni kama karo, huioni. Sehemu ya matumizi huja kwako, na inaweza kuchelewa wiki nyingi baada ya kufungua. Usiende ukiitegemea kwa chakula cha mwezi wa kwanza. Pangeni nyumbani pesa ya miezi miwili, hata kama ni kuuza mbuzi au kuzungumza na chama chenu cha akiba mapema. Tena mkopo ni deni, utalilipa ukishamaliza chuo.

Mwanangu wa kwanza aliitwa Egerton, kule Njoro. Pesa ya matumizi ilipoingia mara ya kwanza alikuwa amekaa na njaa, akikopa kwa wenzake, basi akalipa madeni, akanunua viatu, akawanunulia marafiki nyama choma Nakuru mjini. Siku kumi na moja zikaisha na pesa ikaisha. Hakunieleza. Nilijua kwa sauti yake tu kwenye simu. Tulichofanya baadaye kimewasaidia wengi ninaowaambia: alitoa kwanza kodi na nauli ya kurudi nyumbani, akavifungia kwenye akiba ya simu isiyoguswa kabla ya tarehe, kisha kilichobaki akakigawanya kwa idadi ya wiki za semista. Kila Jumatatu anajitolea fungu moja. Wiki ikiwa mbaya anakula ugali na sukuma, lakini fungu la wiki ijayo haligusi.

Kuna mambo mawili nitakayoyasema bila kuzunguka. Usicheze kamari ya mipira kwa simu, hata ya shilingi kumi. Na usichukue mikopo ya programu za simu kununua chakula. Nimewakopesha vijana kopi na uchapishaji kwa sababu ya mambo haya mawili kuliko kwa sababu ya umaskini wa kwao. Ukiwa na njaa kweli, nenda ofisi ya mkuu wa wanafunzi ukaseme. Wapo kwa kazi hiyo.

Chumba

Hosteli za ndani ya chuo huombwa kupitia tovuti ya chuo na hujaa upesi, basi omba siku ambayo nafasi inafunguliwa. Ukikosa, utatafuta chumba nje, kwenye ploti za nyumba za kupanga. Hapa binti yangu alilia na mimi nikalia naye. Mtu alimtumia picha za bedsita safi yenye vigae, akamwambia wanaoitaka ni wengi, atume shilingi 4,500 aiwekewe. Alituma. Tulipofika, ploti ilikuwepo lakini mwenyewe hakumjua mtu huyo, na chumba kilikuwa na mpangaji.

Usitume hata shilingi moja kwa chumba ambacho miguu yako haijakikanyaga. Nenda siku moja kabla ya kufungua, hata ukilala kwa jamaa. Fungua mfereji uone kama maji yanatoka, na uulize yakikatika mnachota wapi. Uliza kama stima ni ya tokeni na kama mita ni yako peke yako. Mngoje mwenye ploti aondoke, kisha uongee na mwanafunzi anayeishi hapo. Huyo atakuambia kuhusu wezi, kelele na lango hufungwa saa ngapi. Tembea njia ya kutoka maktaba jua likizama. Kwa wasichana, hilo la njia nalitilia mkazo.

Vitu vya chumbani havina haja ya maneno mengi. Godoro, ndoo mbili, sufuria, mtungi mdogo wa gesi kama uko nje, maana hosteli nyingi hazikubali kupika. Wanaomaliza chuo huuza vyao kwa bei nafuu, kwa hiyo usimalize pesa sokoni. Ila angalia hali ya hewa ya unakokwenda. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Kisumu anayebeba shuka moja atatetemeka usiku wa kwanza. Apeleke blanketi zito na sweta. Anayekuja huku Maseno, Kisumu au Bondo, abebe neti ya mbu.

Hakuna kengele

Shuleni kengele ilikuamsha, ikakulisha, ikakulaza. Chuoni hakuna atakayekuuliza kama ulihudhuria, mpaka siku unapokatazwa kuingia mtihani. Katika wiki mbili za kwanza hakikisha umesajili yuniti zako, yaani masomo ya semista, kwenye tovuti ya chuo, uchapishe, uweke kwenye ile faili. Vyuo vyetu vingi huhesabu CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya semista, kwa alama 30 na mtihani wa mwisho 70, na kupita ni 40. Anayepuuza CAT anaanza mtihani akiwa ameshapoteza karibu theluthi.

Na uhifadhi kila CAT iliyosahihishwa. Mwaka mmoja alikuja hapa kijana wa mwaka wa nne kuchapisha orodha ya watakaohitimu. Alisoma mara tatu, jina halimo. Alama ya yuniti moja ya mwaka wa kwanza haikuwa imeingizwa, na hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba alifanya. Wenzake walivaa majoho yeye akiwa anazunguka ofisi. Kila semista matokeo yakitoka, yaangalie yuniti kwa yuniti, na pengo lolote ulipeleke idarani wiki hiyo hiyo, kwa maandishi.

Ujisajili pia SHA, bima ya afya ya serikali, na ujue dispensari ya chuo iko wapi ukiwa bado mzima.

La mwisho ni dogo. Namba za simu za nyumbani ziandike kwa kalamu kwenye karatasi, tatu au nne, uzitie ndani ya faili. Kijana wangu aliporudi Njoro mwaka wa pili, simu ilinyakuliwa stejini Nakuru kabla hajapanda gari la Njokerio, karibu na chuo. Saa nane mchana nikapigiwa na namba nisiyoijua. Ilikuwa ya mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma, amemwazima. "Mama, simu imeenda," akasema, "lakini faili ninayo."