Kutoa upepo kwenye rejeta kabla hujapanda Mau Summit

Gari likishabadilishwa hozi, pampu ya maji au thamostati (valvu inayofungua njia ya maji injini ikipata joto), maji yakajazwa hadi mdomoni mwa rejeta na mfuniko ukafungwa, wengi huona kazi imekwisha. Hapa Nakuru mjini litatembea vizuri tu. Shida humngoja dereva akishapita Salgaa na kuanza kupanda: mshale wa joto unaruka ghafla, na kufika Mau Summit, juu ya mlima kwenye barabara ya Kisumu na Eldoret, gari limechemsha, boneti iko juu. Atauziwa rejeta mpya wakati kilichobaki ndani ni upepo.

Nina gereji upande wa Shabab, na ninayoletewa zaidi ni Probox na Fielder zinazokwenda Kisumu na Eldoret, pamoja na Subaru. Hivi ndivyo ninavyoutoa.

Kwanza ujue upepo unakaa wapi. Ni mwepesi, kwa hiyo hupanda na kujificha kwenye hedi (kichwa cha injini), kwenye paipu za hita na nyuma ya thamostati. Pampu inayosukuma maji ikikutana na upepo huzunguka bure. Hedi ya alumini ikikosa maji sehemu moja hupinda, na gasketi inayoziba kati yake na bloku huungua. Tena sensa ya joto ikiwa imezungukwa na upepo, mshale unaweza kukaa chini wakati injini inaungua. Ndiyo sababu siuamini mshale peke yake. Naiamini hita: injini ikiwa moto na hita inapuliza baridi, upepo bado umo.

Anza gari likiwa limepoa kabisa. Bonyeza hozi ya juu kwa mkono. Ikiwa ngumu, usiguse mfuniko. Maji yaliyobanwa mle ndani huwa yamepita kiwango cha kuchemka, na ukifungua yanageuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Nimeona shingo na mikono iliyobabuka kwa haraka ya dakika chache.

Ukimwaga kulanti ya zamani, yaani dawa ya kupoza inayochanganywa na maji ya rejeta, ikinge kwenye beseni na upime ni lita ngapi. Hatua hii wengi huiruka, nami naithamini kuliko zote. Zikitoka lita 5 na zikaingia tatu na nusu rejeta ikaonekana imejaa, basi lita moja na nusu ya upepo imekaa mahali. Usimwage kulanti mtaroni: ni sumu, ina utamu ambao mbwa na watoto huupenda, na maji ya mvua ya mji huu huteremka hadi Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kutokea.

Egesha gari pua ikiwa juu, ili mdomo wa rejeta upite sehemu nyingine zote kwa kimo. Mteremko hapa kwetu haukosekani. Magari ya wateja wa Milimani nimeyatolea upepo getini kwao bila jeki. Vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu. Washa swichi, peleka hita kwenye moto wa mwisho na feni yake taratibu, AC ikiwa imezimwa. Kwenye magari mengine valvu ya hita isipofunguliwa, maji hayafiki huko kabisa.

Kama thamostati imebadilishwa, hakikisha iliwekwa sawasawa. Nyingi zina tundu dogo lenye kipini kinachochezacheza, na kipini hicho kinatakiwa kukaa upande wa juu, maana ndicho kinachopitisha upepo wakati thamostati bado imefunga. Na tafadhali usikubali kuambiwa uitoe uendeshe bila hiyo. Injini inayotembea baridi hunywa mafuta na kulika haraka.

Sasa jaza polepole. Changanya kulanti na maji nusu kwa nusu, maji yasiyo na chumvi yanayouzwa kwenye maduka ya spea. Soma lebo, kwa sababu chupa za asidi ya betri hufanana nayo. Mimina kidogo, simama, kamua hozi ya juu kisha ya chini kwa kiganja. Utaona povu likipanda na maji yakishuka. Endelea hadi kukamua kusilete povu tena.

Weka faneli inayoziba vizuri mdomoni mwa rejeta, maji yafike nusu ya faneli, uwashe injini bila kukanyaga mafuta. Mapovu ya mwanzo ni madogo. Kisha hutulia, na hapo wengi hufunga mapema mno. Ngoja. Thamostati nyingi hufunguka kwenye digrii 82 hivi, na ikifunguka maji kwenye faneli huzama ghafla, halafu povu moja kubwa hupanda na kupasuka. Ongeza. Gusa hozi ya chini: ikianza kupata joto, maji yanazunguka. Kanyaga hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika, ushikilie nusu dakika, achia, rudia, ukiangalia faneli na kusikiliza dashibodi. Sauti ya maji yanayotiririka nyuma ya dashibodi ni upepo kwenye hita.

Vitabu vya magari husema uache mfuniko wazi hadi feni ya rejeta iwake. Ushauri huo unafaa Mombasa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na maji matupu huku huchemka kwenye digrii 94 hivi. Feni nyingi huwaka karibu na hapo hapo. Kwa hiyo unaweza kuona mapovu mengi ukadhani upepo hauishi, kumbe ni maji yanayochemka. Kisumu, iliyo chini zaidi, maji huchemka digrii kama mbili juu ya hapo. Timboroa, mlimani kwenye barabara ya Eldoret, huchemka kwenye digrii 91 tu. Kulanti nusu kwa nusu huongeza digrii 6 au 7, na mfuniko mzima wa shinikizo la baa 0.9 huongeza takriban 20 nyingine. Mpira wa mfuniko ukiwa umepasuka, badilisha siku hiyo hiyo. Mimi hita ikishapuliza moto wa kudumu na mapovu yakikoma, nafunga mfuniko na kungoja feni iwake na kuzima mara mbili.

Subaru zina silinda zilizolala, na upepo hukwama humo kwa ukaidi. Fungua hozi ya juu, jaza injini kupitia hozi hiyo kwanza, irudishe, ndipo ujaze rejeta. Nyingi zina skrubu ya plastiki kwenye kona ya juu ya rejeta. Ilegeze kwa upole hadi itoe maji yasiyo na povu. Inavunjika kirahisi.

Mapovu yakianza tu injini inapowashwa ikiwa baridi na yasikome hata ukikanyaga, au hozi ikawa ngumu papo hapo, acha. Huenda gesi ya silinda inapita kwenye gasketi ya hedi, na hakuna kutoa upepo kutakakoponya hilo.

Likikaa sawa, panda nalo barabara ya Menengai hita ikiwa moto, badala ya kungoja mlima wa Timboroa ulijaribu na abiria ndani. Liache lipoe usiku kucha. Asubuhi fungua mfuniko: rejeta itakuwa imeshuka kidogo, ijaze, na weka chupa ya akiba kati ya alama ya chini na ya juu. Angalia tena asubuhi inayofuata. Ikiendelea kushuka kila siku, chunguza tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji; alama ya kulanti iliyokauka hapo inamaanisha sili ya pampu inavuja.