Jinsi ya kuleta vyombo vya nyumbani Mwanza unapostaafu ughaibuni

Kazi yangu ni kenta. Nahamisha watu hapa Mwanza: leo Buswelu kwenda Nyegezi, kesho Igoma kwenda Kisesa. Nilikuwa najiona najua kila kitu kuhusu kuhama, mpaka mjomba wangu alipostaafu Leicester, Uingereza, baada ya miaka 24 ya kutunza wazee wa watu. Akanipigia: "Mjomba, narudi. Nataka vyombo vyangu vinikute nyumbani Bwiru." Nikasema sawa, hiyo ndiyo kazi yangu. Miezi mitano baadaye nilikuwa nimekaa kwenye benchi la bandari kavu Dar es Salaam, siku ya tisa, shati moja.

Sasa mjomba ameshaingia, anakunywa chai barazani akiangalia ziwa, na watu watatu wameshanipigia kuuliza tulifanyaje. Nimechoka kurudia kwenye simu. Haya.

Hatua ya 1: Chagua cha kuacha

Anza na umeme. Uingereza na sisi tunatumia volti 230 na hezi 50, na hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa. Friji ya Leicester unaichomeka Bwiru bila adapta. Marekani na Kanada ni volti 120 na hezi 60, kwa hiyo ukitoka huko, friji na mashine ya kufulia wape majirani. Utaambiwa ununue transfoma. Transfoma inashusha volti, haigusi hezi, na mota iliyotengenezewa hezi 60 itazunguka polepole na kuchemka.

Kabati na vitanda vya chipbodi acha huko huko. Ukishavifungua na kuvifunga tena mara mbili, skrubu hazishiki. Kwa hela utakayolipia nafasi yake kwenye kontena, fundi wa hapa anakuchongea kitanda cha mninga ambacho wajukuu watagombania. Mjomba alinielewa kwenye kila kitu isipokuwa kiti chake kimoja, kile kikubwa cha kujilaza chenye mota ya kuinua miguu. Kikaja. Tutakutana nacho mbele.

Hatua ya 2: Pima ujazo

Meli hailipwi kwa kilo kwa mizigo yetu hii, inalipwa kwa nafasi, yaani mita za ujazo. Boksi gumu la kuhamia la Uingereza lina sentimita 46 kwa 46 kwa 51, na tisa kati ya hayo ni karibu mita moja ya ujazo. Kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33 ndani, lakini kwa vyombo vya nyumbani, na viti vyake vyenye miguu, hesabu 25 hadi 28. Ukiwa na mzigo mdogo kuliko nusu yake, utachangia kontena na wengine.

Mimi kuchangia sikupendi. Kontena la kuchangia likifika, mpaka lifunguliwe na mizigo itenganishwe, kila mtu anasubiri. Ila kama una maboksi 20 tu huna namna.

Hatua ya 3: Hesabu siku zako

Msamaha wa ushuru kwa mtu anayehamisha makazi upo, uko kwenye Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Nguo na vyombo ulivyokuwa unavitumia nyumbani kwako kule vinaingia bila ushuru. Gari moja pia, ukiwa umelimiliki na kulitumia kwa miezi 12 au zaidi, na siku za safari ya meli hazihesabiwi humo.

Kuna muda. Mzigo usioongozana nawe unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu wewe mwenyewe ufike nchini. Kamishna wa forodha anaweza kuongeza, lakini jumla haivuki siku 360. Angalia vizuri: siku zinaanza kuhesabiwa ukigongewa muhuri uwanja wa ndege, si meli ikitia nanga. Watu wengi wanatangulia, wanapumzika, wanamalizia nyumba, ndipo wanamwambia mtoto aliyebaki kule atume mizigo. Meli yetu ilichukua wiki tisa, kwa sababu mwisho wa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Wiki tisa ni siku 63. Piga hesabu mwenyewe. Tuma mzigo kwanza, halafu ndipo upande ndege.

Hatua ya 4: Andika orodha kabla hujafunga boksi hata moja

Hapa ndipo tulipokwama, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kampuni iliyokuja kumfungia mjomba ilimwandikia orodha yenyewe. Ilikuwa karatasi moja. Mistari kumi na kitu, na mstari wa mwisho: "Vitu mbalimbali vya nyumbani, maboksi 14." Mjomba akasaini. Na mimi nilipotumiwa picha kwenye WhatsApp nikasema safi.

Kwa afisa wa forodha, "vitu mbalimbali" maana yake ni "njoo ufungue." Na walifungua. Yote 14, kwenye sakafu ya saruji, jua la saa saba. Nilisimama pale nikitazama sufuria za marehemu shangazi zikitolewa moja moja, zimefungwa kwenye shuka, na ndani ya sufuria kubwa picha ya harusi yao ya Kirumba. Mjomba akaichukua akaishika mpaka kazi ilipoisha.

Boksi la 11 ndilo lililotutoa jasho. Ndani kulikuwa na injini ya boti ya HP 15, mpya, kwenye karatasi zake. Mjomba alimnunulia binamu yangu anayevua Kayenze, na hakuniambia. Afisa akaiangalia, akamwangalia mjomba: "Mzee wangu, na hii nayo ilikuwa sebuleni?" Hakuwa mkali, ila sheria inasema vitu viwe vyako, kwa matumizi yako. Bidhaa za biashara na vitu vya kwenda kumpa mtu mwingine havimo kwenye msamaha. Injini ikalipiwa. Ubaya zaidi, ilitia shaka kwenye mengine yote, ikabidi tueleze hata seti ya vikombe vipya aliyopewa zawadi ya kustaafu.

Kwa hiyo orodha iwe hivi. Kila boksi na namba yake, iliyoandikwa pande tatu kwa kalamu isiyofutika, pamoja na juu. Kila mstari: namba ya boksi, kitu chenyewe, idadi, kimetumika au kipya, na bei ya kukadiria ya leo, siyo ya ulipokinunua. "Sufuria 6, zimetumika" inatosha. Vya umeme weka na serial namba iliyobandikwa nyuma. Usiandike bei sifuri ukidhani unasaidia, maana hakuna anayesafirisha televisheni ya bei sifuri. Vipya vitenge kwenye boksi lake na risiti zake, uvitaje wazi, ulipe kinacholipiwa. Ukivichanganya na vilivyotumika unachafua vyote. Mimi naandika kwenye daftari kwa mkono kwanza, halafu mtu anachapa. Programu za simu nimezijaribu. Unaishia kupiga picha 300 na hujui ipi ni ya boksi lipi.

Jambo la pili kwenye hatua hii hii ni jina. Mjomba ana pasipoti ya Uingereza yenye majina mawili. Kwetu anajulikana kwa matatu, na la tatu ni la babu. Kampuni ikaandika hati ya shehena, ile mawakala wote wanaiita BL, kwa jina la kwanza na la babu, kwa sababu ndilo alilojaza kwenye barua pepe. TIN, yaani namba ya mlipakodi, aliyochukua hapa ilikuwa na mpangilio wa tatu. Karatasi tatu, watu watatu, mzigo mmoja. Kubadilisha jina kwenye BL meli ikiwa imeshaingia lazima kuanzie kwa wenye meli, kule mzigo ulikotoka, ndipo orodha ya shehena irekebishwe huku. Kwetu ilichukua siku 11, na bandari haisimamishi saa yake ya kutoza hifadhi ikikusubiri.

Kabla meli haijaondoka watakutumia rasimu ya BL. Wazee wengi hawaifungui. Ifungue, weka pasipoti kando, linganisha herufi kwa herufi: jina, namba ya pasipoti, idadi ya vifurushi. Omba pia BL iachiliwe kwa njia ya elektroniki, usisubiri karatasi halisi iletwe na kampuni ya vifurushi. Na kama uliacha uraia wa Tanzania ulipochukua wa kule, kumbuka uraia pacha kwa mtu mzima hapa hauruhusiwi. Ushahidi kwamba unahamia unaweza kuwa kibali chako cha ukaazi, kishughulikie mapema.

Hatua ya 5: Funga

Unajua kufunga. Ninachosisitiza ni boksi gumu kuliko yale mapipa ya bluu ya plastiki. Pipa halivuji, sawa, lakini mapipa yakipangwa yanaacha matundu kati yake, na matundu hayo umeyalipia. Pia usitumie nguo za ndani za mitumba kujazia nafasi. Kuingiza nguo za ndani zilizovaliwa kumepigwa marufuku, na hutaki mazungumzo hayo na afisa.

Hatua ya 6: Bima

Kata. Hata kama vyombo vyako ni vya bei ndogo. Meli ikipata msukosuko, mwenye meli anaweza kutangaza gharama za uokoaji zigawanywe kwa wenye mizigo wote, kama ilivyokuwa kwa Ever Given iliyoziba Mfereji wa Suez 2021. Asiye na bima anaweka dhamana kwa hela yake ndipo apewe sufuria zake.

Hatua ya 7: Dar es Salaam

Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni akutolee mzigo. Mpe karatasi zote wiki mbili kabla meli haijafika aanze maombi. Kila malipo ya serikali yana namba yake ya kumbukumbu, lipa kwa namba hiyo, usimtumie mtu hela kwenye simu yake "akakulipie."

Kontena usilipandishe mpaka Mwanza. Ni kilomita zaidi ya 1,100, na likishashushwa lazima lirudishwe Dar tupu, siku zake zikihesabiwa. Mzigo umeshafunguliwa kwa ukaguzi hata hivyo, hamishia palepale kwenye Fuso lenye bodi la kufunika linalorudi Kanda ya Ziwa. Turubai peke yake mimi silikubali, Singida kuna vumbi.

Hatua ya 8: Kilomita ya mwisho

Wa Sengerema na Geita mmepata nafuu, tangu Juni 2025 mnapita daraja la Kigongo–Busisi, habari ya kupanga foleni ya kivuko na mzigo imeisha. Wa Ukerewe bado mnategemea kivuko.

Wa Mwanza mjini shida yenu ni mawe. Fuso halipandi kwenda kwa mjomba. Lilisimama kwenye lami, tukahamishia kwenye kenta, na kenta nayo ikaishia kwenye jiwe la pili. Kutoka hapo ni mabega. Nenda ukaipime njia wiki moja kabla, kwa miguu, na upime na mlango wa nyumba. Kile kiti cha kujilaza kilibebwa na vijana sita, kikagoma mlangoni, tukatoa fremu ya mlango. Patana na vijana bei ya kazi nzima, siyo kwa boksi, la sivyo watayakimbilia mepesi na kiti kitabaki kwenye jiwe mpaka jioni.

Wewe simama mlangoni na orodha yako. Kila boksi linalopita, tiki. Karatasi ya dereva usiisaini mpaka tiki zitimie. Sisi tulikosa namba 38, nikamfokea dereva wa Fuso kwa nusu saa nzima, mjomba akinivuta shati. Lilikuwa kwenye kenta yangu, nyuma ya tairi la spea.