Kufunga DB ndogo kwenye nyumba inayoongezwa vyumba: angalia nyutro kwanza

Korosho zikishauzwa, simu za mafundi Mtwara hazitulii. Huyu anapaua, yule anaongeza vyumba uani. Shangazi yangu wa Mikindani aliongeza vyumba viwili na jiko nyuma ya nyumba yake ya zamani, akataka upande mpya uwe na breka zake. Hapa naeleza jinsi ya kufunga DB ndogo, yaani kasha la breka, inayolishwa kutoka meni swichi ya nyumba kubwa. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na sili za mita ya LUKU zisiguswe na yeyote asiye wa TANESCO.

Hatua ya 1: Mzigo

Orodhesha vitakavyotumika. Kwa shangazi ni taa, feni, friji, pasi, birika na pampu ndogo ya maji. Anapikia gesi, kwa hiyo breka ya ampea 32 kwenye meni swichi ilitosha kulisha DB mpya. Ukiongeza jiko la umeme, piga hesabu upya.

Hatua ya 2: Waya wa kulisha

Umbali wetu ulikuwa mita 25. Kwa ampea 32, waya wa mm 4 unapoteza karibu volti 9 njiani, wa mm 6 karibu volti 6, wa mm 10 volti 3.5. Kwa taa hatutakiwi kuzidi asilimia 3, yaani volti 6.9 katika 230, na hapo bado hujahesabu waya za vyumbani. Mimi nachukua mm 10, hata muuza duka aniambie mm 6 inatosha. Shangazi aliona bei akasita. Nilimwambia waya ukishafukiwa ukutani, kuubadilisha ni kubomoa plasta aliyoilipia jana.

Hatua ya 3: Zima

Zima meni swichi, ifunge, kaa na ufunguo. Uniti zikiisha kwenye LUKU, usihesabu kwamba umezima: mtoto wa nyumba akiingiza tokeni wakati mikono yako imo kwenye kasha, umeme unarudi. Kumbuka pia waya zinazotoka kwenye mita kuingia meni swichi zinabaki na moto. Pima kwa testa yenye ncha mbili. Ile bisibisi yenye kitaa siiamini kabisa kwa kazi hii.

Hatua ya 4: Kasha na waya

Chukua kasha la plastiki. La chuma huliwa na chumvi ya bahari. Pitisha waya, kaza skrubu, vuta kila waya kwa mkono.

Hatua ya 5: Nyutro

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima.

Tuliwasha, soketi zote zikafanya kazi. Kila nilipowasha taa ya ukumbi unaounganisha nyumba ya zamani na vyumba vipya, RCD ya DB mpya, ile swichi inayokata umeme unapovuja, ikajizima. Nikadhani ni unyevu, maana kuta za zamani pale ni za mawe ya matumbawe. Nikafungua taa, nikabadilisha holda, mwisho nikanunua RCD nyingine. Ikawa vilevile hadi magharibi.

RCD inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata. Taa ile ilipewa laivu kutoka DB mpya, lakini aliyepitisha waya dari aliona nyutro ya zamani iko karibu akaichukua. Kwa hiyo umeme ulitoka kwa mlango mmoja ukarudi kwa mwingine. Taa ya wati 9 tu inavuta angalau miliampea 39, inatosha. Ya wati 5 ni kama miliampea 22, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu RCD inaweza kunyamaza leo na kukata kesho.

Dalili ilikuwepo: RCD ya nyumba kubwa, nayo ya miliampea 30, haikushtuka. Ingekuwa umeme unavuja ardhini, mara nyingi zote mbili zingekata.

Sasa nafanya hivi kabla ya kuwasha. Umeme umezimwa, taa zimetolewa, plagi zimechomolewa. Natoa nyutro zote za DB mpya kwenye reli yake, kisha napima moja moja kwa multimita dhidi ya reli ya nyutro ya meni swichi. Ikilia, maana yake waya zimeungana, nyutro hiyo imeazimwa mahali, itafute. Halafu napima kila nyutro na athi kwa mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500, na sikubali chini ya megaohm 1. Nyumba za zamani zina waya nyekundu na nyeusi, mpya ni kahawia na buluu, kwa hiyo usiamini rangi peke yake.

Usiunganishe nyutro na athi ndani ya DB ndogo. Wapo wanaofanya hivyo ili "taa iwake vizuri". Nyutro ya kulisha ikikatika, bodi ya friji inabeba umeme.

RCD mbili za miliampea 30 zikifuatana, hitilafu ya jikoni inaweza kuzima nyumba nzima. Baadaye niliweka ya miliampea 100 inayochelewa kwenye meni swichi, na ya 30 kila upande. Usisahau upande wa zamani.

Hatua ya 6: Athi

Mchanga wa pwani ukikauka ni mbaya kwa athi. Fimbo moja ilinipa ohm 240. Niliongeza ya pili, umbali usiopungua urefu wa fimbo, nikaziunganisha, ikashuka hadi 130. Natafuta chini ya 200. Usimwage chumvi shimoni, inakula shaba.

Hatua ya 7: Jaribu

Bonyeza kitufe cha T. RCD ikate papo hapo. Kisha andika kila breka kwa herufi kubwa: JIKO, PAMPU, TAA ZA UANI. Shangazi alisoma bila miwani, akazima pampu mwenyewe.