Printa haioni hotspoti ya simu? Badilisha bendi

Kwa wenye vibanda vya kuchapisha hapa Lamu, na yeyote anayegawia bando la simu printa, kamera au laptopu ya zamani: kifaa kisipoona kabisa jina la hotspoti yako, usihangaike kuzima na kuwasha. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, tafuta palipoandikwa bendi, yaani masafa ya redio ambayo hotspoti inatumia, toa gigahezi 5 uweke 2.4. Kwenye iPhone, washa kitufe cha Maximize Compatibility, kazi ni ile ile.

Vifaa vingi vya zamani vina redio ya 2.4 peke yake, kwa hiyo hotspoti ya 5 kwao ni kama haipo. Halafu 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, na kwa nyumba zetu za mawe kule Mkomani hili si jambo dogo: kuta zile nene za matumbawe huinyonga 5, simu ikiwa dakani, pale mlangoni, chumba cha ndani kinaambulia patupu.

Jina likionekana lakini neno la siri linakataliwa na una hakika umeliandika sawa, bendi haitakusaidia. Angalia usalama kwenye mipangilio hiyo hiyo: ukiwa WPA3, aina mpya ya ulinzi wa waifai ambayo vifaa vingi vya zamani haviielewi, weka WPA2, ile iliyoitangulia. Penye waifai nyingi zilizobanana, 2.4 huwa nzito, na spika ya bluetooth iliyo karibu inatumia masafa hayo hayo, basi isogeze. Laptopu mpya iliyo meza moja na simu iache kwenye 5, inakwenda kasi zaidi.