Kuhifadhi ubongo uliotolewa kwa utafiti: nusu fomalini, nusu barafu kavu

Saa huanza kuhesabiwa mtoaji anapokata roho, si mwili unapofika mochwari. Benki ya Ubongo ya Uholanzi, inayohifadhi ubongo wa watoaji kwa ajili ya watafiti, iliyoanzishwa mwaka 1985, hujitahidi kumaliza kuutoa ndani ya saa chache. Benki nyingine huvumilia hadi saa 24 au zaidi, mradi mwili umewahi kuingia kwenye jokofu la nyuzi 4. Ndiyo maana ridhaa husainiwa mtoaji akiwa hai, na ndugu wakajua mapema nani wa kupigiwa. Kuwafuata na fomu usiku wa msiba ni kuchelewa, tena ni kukosa adabu.

Soma faili la matibabu kabla ya kushika kisu. Ukishuku ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, simama: fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, haiui prioni (protini zilizopinda zinazosababisha ugonjwa huo wa ubongo), na kazi hiyo ina chumba na vifaa vyake. Kwa wengine, vaa glavu mbili na katikati yake glavu isiyokatika, ngao ya uso na barakoa ya N95, maana msumeno wa fuvu hurusha vumbi la mfupa.

Vuta kwa sindano majimaji ya kwenye vyumba vya ubongo, upime pH (kiwango cha asidi) papo hapo. Ikishuka chini ya 6, mara nyingi mtoaji alikufa polepole, kwa homa au kukosa hewa, na RNA (molekuli zinazobeba maagizo ya jeni) huenda imeharibika hata kama ninyi hamkuchelewa. Pima uzito (wa mtu mzima ni gramu 1,200 hadi 1,400 hivi), piga picha, kisha pasua katikati, mbele hadi nyuma.

Nusu ya kugandisha ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kuitumbukiza nzima kwenye friza ya nyuzi -80 ni kosa: nje huganda, ndani hubaki laini kwa saa kadhaa, fuwele za barafu zikakua na kutoboa seli. Kwenye hadubini utaona sponji. Ikate vipande vya unene wa sentimita 1, ubane kila kimoja kati ya sahani mbili za alumini zilizopoozwa kwenye barafu kavu (kabonidioksidi iliyogandishwa). Kikishakuwa kigumu, kitie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ndipo kiende -80. Stika za kawaida hubanduka kwenye baridi hiyo. Vipande vya mtoaji mmoja vigawe kwenye friza mbili, umeme hukatika.

Nusu ya pili itundikwe kwa uzi ndani ya fomalini ya asilimia 10 yenye bafa (kemikali ya kuzuia pH isibadilike), ujazo wake angalau mara 10 ya tishu. Ikilala chini ya ndoo hubonyea, na upande uliogusa ndoo haupati dawa. Badilisha fomalini baada ya siku ya kwanza, uiache wiki 3 au 4. Ikikaa miezi mingi, protini hufungana kiasi kwamba kingamwili za maabara, zinazotumika kuzitafuta, hazizioni tena.

Usitoe kipande chochote kilichogandishwa kwa mtafiti kabla mwanapatholojia hajaandika utambuzi kutokana na nusu ya fomalini. Ugonjwa ulioandikwa hospitalini na unaoonekana kwenye hadubini mara nyingine ni viwili tofauti.