Enchilada za jibini za Texas: mchuzi wa pilipili na tortila zisizopasuka

Enchilada ni tortila (chapati nyembamba ya mahindi ya Meksiko) iliyojazwa, ikakunjwa na kumiminiwa mchuzi wa pilipili. Vipimo hivi vinatosha enchilada 8. Mchuzi huu hautiwi nyanya kabisa. Uzito wake unatokana na unga wa ngano uliokaangwa, ladha yake na pilipili kavu na bizari nyembamba.

Hatua ya 1: Mchuzi

Pasha mafuta robo kikombe, tia unga wa ngano robo kikombe, koroga dakika 3 au 4 hadi uwe hudhurungi hafifu. Tia pilipili ya unga vijiko 2 vya chakula, bizari nyembamba vijiko 2 vya chai, kitunguu saumu cha unga kijiko 1 na nusu cha chai, chumvi kijiko 1 cha chai, oregano (majani makavu ya kiungo) nusu kijiko cha chai. Geuza dakika 1 tu. Pilipili ikiungua, mchuzi unakuwa mchungu na haurekebishiki. Mimina supu ya kuku vikombe 2 kidogo kidogo huku ukikoroga, uchemke taratibu dakika 15.

Pilipili inayokusudiwa ni mchanganyiko wa Texas, kama ule alioanza kuuza William Gebhardt, mhamiaji wa Kijerumani wa mji wa New Braunfels, Texas, miaka ya 1890. Una rangi na harufu kuliko ukali. Pilipili kali ya sokoni kwa kipimo hicho hailiki: tumia paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), ongeza robo kijiko cha chai cha hiyo kali.

Hatua ya 2: Tortila

Hapa ndipo wengi wanakwama. Tumia tortila za mahindi. Za ngano zinalowa na kunata. Usijaribu kuzitengeneza kwa sembe au dona, kwani mahindi ya tortila huchemshwa kwanza na chokaa, na ndiyo inayofanya kinyunya kishikane. Tortila za jana ni bora kuliko mbichi, maana zimepungua maji.

Ukiikunja ikiwa baridi, inapasuka. Ukiichovya kwenye mchuzi bila kuipitisha kwenye mafuta, inamong'onyoka ndani ya oveni. Basi pasha mafuta kina cha sentimita 1. Chovya ukingo: yakitoa povu papo hapo, yako tayari, yakinyamaza, subiri, la sivyo tortila itayanywa. Izamishe sekunde 5, geuza, sekunde 5 tena, itoe ikiwa laini kama kitambaa. Ikikakamaa umechelewa, haikunjiki tena. Ikate uile kama chipsi. Zikunje zingali moto, kwa hiyo jibini na kitunguu viwe tayari kabla hujawasha jiko.

Hatua ya 3: Kuoka

Cheddar ya manjano gramu 350, ikwaruze mwenyewe. Ya pakiti iliyokwaruzwa tayari huchanganywa na wanga isigandane, nayo haiyeyuki vizuri. Jaza jibini na kitunguu kilichokatwakatwa, kunja, panga mkunjo ukiwa chini. Mimina mchuzi ufunike hadi ncha, nyunyiza jibini iliyobaki. Oveni nyuzi 220, dakika 10. Kitunguu kibichi juu, ule papo hapo.