Miale ya Jua Kati ya Matawi: Namna ya Kutumia Plagini ya Mwanga Katika After Effects

Anayesafiri asubuhi ya kiangazi kutoka Dodoma mjini kuelekea Mvumi huliona jua likichomoza nyuma ya mibuyu isiyo na majani, na katikati ya matawi hushuka michirizi ya mwanga ambayo mtu angedhani anaweza kuishika. Inayoionyesha michirizi hiyo ni vumbi: chembe zilizo hewani huutawanya mwanga hadi ukafika machoni, na pale tawi linapouzuia hubaki ukanda wa kivuli. Kamera nyingi tunazozimudu hukamata sehemu ndogo tu ya hali hiyo, na ndiyo maana wahariri wa video hutumia plagini ya miale, yaani zana ndogo inayoongezwa ndani ya programu ya uhariri kama After Effects, kurudishia kilichopotea. Nitaeleza kazi hiyo kwanza kwenye maandishi, ambako ni nyepesi, kisha kwenye video ya mbuyu, ambako ndiko wengi huharibu.

Yafaa kufahamu tangu mwanzo kwamba plagini haijui jua liko wapi wala mbuyu ni kitu gani. Inachofanya ni kutafuta pikseli zinazong'aa katika leya, yaani tabaka moja kati ya yale yanayopangwa kuunda picha, kuzivuta kutoka nukta moja kuelekea nje, na kuzififisha kadiri zinavyokwenda mbali. Kwa hiyo chochote cheupe kilichomo kwenye picha kitatoa miale, kiwe ni jua, bati la nyumba au shati la mpita njia. Sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa kuamua plagini ione nini na isione nini, na kazi hiyo hufanywa kabla ya kugusa kitelezi chochote cha urefu wa miale.

After Effects huja na plagini za kampuni ya Cycore bila malipo ya ziada, nazo ziko kwenye menyu ya Effect, kundi la Generate. Majina yake huwachanganya wanaoanza. CC Light Rays hutoa mwanga kuzunguka nukta moja, wenye umbo la duara au la mraba, na hufaa zaidi kwa taa au kimulimuli. Anayetaka michirizi mirefu inayopita kati ya matawi atumie CC Light Burst 2.5, ambayo huivuta leya nzima. Trapcode Shine, ambayo siku hizi iko chini ya Maxon, hulipiwa, na faida yake kuu ni kwamba ina kizingiti chake cha mwanga, yaani kiwango cha mng'ao ambacho chini yake kitu hakitoi miale, pamoja na sehemu ya kuifanya miale imeremete. Binafsi sioni sababu ya kuilipia kabla hujaichosha ile ya bure.

Tuanze na maandishi. Fungua kompozisheni, yaani eneo la kazi linalobeba leya zako, ya 1920 kwa 1080 yenye fremu 25 kwa sekunde, uandike neno DODOMA kwa herufi kubwa nene, rangi nyeupe yenye manjano kidogo. Neno hili limejaliwa kwa kazi ya namna hii, kwa kuwa herufi tano kati ya sita zina tundu ndani yake, na kila tundu litaacha mchirizi wa giza katikati ya mwanga; M peke yake ndiyo itakayotoa mwanga bila tundu. Rudufu leya kwa Ctrl na D, kisha weka CC Light Burst 2.5 kwenye leya ya chini tu, huku ya juu ukiiacha safi ili neno lisomeke. Ukiweka plagini kwenye leya moja pekee, herufi zenyewe huyeyuka ndani ya mwanga na mtazamaji hubaki akikisia.

Sasa weka kifremu, yaani ile alama inayoshika thamani kwenye mstari wa muda, kwenye kipengele cha Center, nukta ikiwa kushoto kabisa nje ya neno. Sogea hadi fremu ya 75, yaani sekunde ya 3, uihamishie nukta kulia. Urefu wa miale, unaoandikwa Ray Length, uanzie 0, upande hadi kama 60 katikati ya safari, na urudi 0 mwishoni, ili mwanga uzaliwe na ufe badala ya kukatika ghafla. Chagua vifremu vyote ubonyeze F9 ili mwendo ulainike. Namna ya kuchanganya leya ya chini na mandhari iwe Add. Ukiona miale imekatwa kwa mstari ulionyooka, sababu ni kwamba leya yako ni ndogo kuliko skrini na mwanga umegota ukingoni. Ikunje (Pre-compose) ndani ya kompozisheni yenye ukubwa kamili, halafu plagini uiweke juu ya kompozisheni hiyo.

Kwenye video ya mbuyu utaratibu hubadilika. Rudufu video, na kwenye nakala ya juu weka kwanza Levels, zana ya kurekebisha weusi na weupe wa picha, kwa kuwa plagini husomwa kuanzia juu kwenda chini na mpangilio wake ndio unaoamua matokeo. Sukuma kitelezi cha weusi kuelekea kulia mpaka shina, ardhi na nyasi vizame gizani kabisa na kubaki vipande vya anga vinavyoonekana kati ya matawi. Ndipo uongeze CC Light Burst 2.5, na namna ya kuchanganya leya hiyo uifanye Screen, ambayo huupuuza weusi na kuongeza mwanga peke yake. Usiongeze mmeremeto wa bandia iwapo kulikuwa na upepo wakati wa kurekodi: matawi yanapotikisika, vipande vya anga hufunguka na kufumba, na miale hucheza yenyewe kwa namna ambayo hakuna kitelezi kitakachoiga.

Nukta ya katikati iwekwe juu ya jua lenyewe, hata kama jua liko nje ya fremu. Miale ya jua kwa kweli husafiri sambamba, na huonekana kutawanyika kutoka sehemu moja kwa sababu ileile inayofanya reli mbili zionekane kukutana mbali ukisimama stesheni ya treni. Jicho la mtazamaji halijui maelezo haya, lakini hutambua mara moja kivuli cha mbuyu kinapoelekea upande mmoja na miale ikatokea upande mwingine. Kamera ikiwa ilitembea, fuatilia jua kwa zana ya Track Motion, hamishia mwendo huo kwenye leya tupu ya Null, kisha funga Center kwenye mkao wa leya hiyo. Njia hii ni salama mradi video ina ukubwa sawa na kompozisheni na haijasogezwa.

Kuhusu kizingiti nilifundishwa na mama mmoja. Nilikuwa nimehariri video ya harusi iliyorekodiwa nje saa moja asubuhi, nikaweka miale bila kuchuja kitu, nikaridhika kwa sababu anga lilipendeza. Tulipoitazama sebuleni kwao, mama wa bibi harusi alisogea karibu na runinga akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona binti yangu anafuka moshi?" Ni kweli, shela lilikuwa jeupe kuliko jua, na kila alipogeuka alirusha mwanga hadi ukingo wa skrini. Tangu siku hiyo, akiwepo mtu mbele ya kamera, huchora maski, yaani mstari wa kuzingira sehemu ya picha, kumzunguka kwenye ile leya ya miale, nikaigeuza iwe Subtract ili sehemu hiyo iondolewe, na kuilainisha kingo, ili nguo yake isiwe chanzo cha mwanga. Miale inayompitia kutoka nyuma huwa naipunguza bila kuifuta yote, maana vumbi huwa pia kati yake na kamera.

Rangi usiibuni. Tumia kichaguzi cha rangi kunyonya manjano au wekundu kutoka kwenye anga la video hiyohiyo, karibu na upeo wa macho, kwa kuwa asubuhi ya vumbi la Dodoma haifanani na machweo ya pwani.

Anga lenye mwanga unaofifia taratibu lina ugonjwa mmoja: hugawanyika katika mistari kama ngazi. Mradi wa biti 8 una viwango 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na miale mirefu huvimaliza haraka. Bonyeza Alt pamoja na kitufe cha biti kilichoko chini ya paneli ya Project hadi kisomeke 16, kisha juu ya kazi yote ongeza leya ya marekebisho yenye chengachenga kidogo sana. Itazame pia kwenye simu baada ya kuituma WhatsApp, kwa sababu ndiko wateja wengi watakakoiona, na mbano wa huko huirudisha mistari uliyodhani umeiondoa.

Plagini hizi hula nguvu ya kompyuta, kwa hiyo fanya kazi kwa nusu ya ubora na uurudishe kamili unaporenda, yaani unapotoa faili ya mwisho. Umeme uliwahi kukatika nikiwa nimebakiza dakika chache kumaliza faili moja kubwa, na sikuambulia hata fremu moja. Siku hizi hurenda mfululizo wa picha za PNG, kila fremu faili yake, na kwenye Render Settings huweka tiki kwenye Skip existing files. Umeme ukirudi, programu huziruka fremu zilizokwisha na kuendelea na zile ambazo bado.